Kombe Hai Ni Mbegu ya Bahari

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkulima unalijua jambo hili. Mwaka wa njaa mtu anaweza kula mbegu yake. Siku hiyo atashiba. Lakini mvua ikinyesha hana cha kupanda. Mwezi huu tuzungumze juu ya mbegu nyingine. Mbegu hii haimo ghalani. Imo baharini.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni minazi, mahindi na mihogo. Lakini siku moja wanakijiji wa pwani ya Pangani, mkoa wa Tanga, walinialika nifuatane na wageni kwa boti mpaka kisiwa cha Maziwe. Walitaka niione kazi yao ya kutembeza wageni. Nilikwenda, nikajifunza mengi. Sasa nakuletea na wewe.

KISIWA KILICHOPOTEZA MITI

Maziwe ni kisiwa kidogo cha mchanga. Kipo kiasi cha kilomita 8 kutoka pwani. Kimezungukwa na matumbawe. Leo huoni mti hata mmoja juu yake. Wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, kisiwa chote hufunikwa.

Zamani hakikuwa hivyo. Kilikuwa na mivinje mirefu. Kasa walikuja kutaga kwa wingi. Kwa sababu hiyo Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975. Lakini miti ilikatwa. Mizizi ndiyo iliyokuwa inashika mchanga. Mizizi ilipokwisha, mawimbi yakauchukua mchanga. Ilipofika miaka ya 1980 lilikuwa limebaki fungu tupu.

Wewe mkulima unakijua kitu hiki. Ni mmomonyoko wa udongo. Kule shambani unachukuliwa na mvua. Kule kisiwani ulichukuliwa na bahari. Aliyekata mti mmoja hakudhani kwamba anakiua kisiwa. Kila mmoja alikata mti wake mmoja tu.

SAFARI HUPANGWA KWA MAJI

Nahodha hapangi safari kwa saa ya mkononi peke yake. Hupanga kwa maji. Maji huchukua kiasi cha saa 6 kutoka kujaa mpaka kupwa. Kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kiasi cha dakika 50. Boti huondoka maji yanapopwa, kisiwa kikianza kutokeza. Lazima irudi kabla maji hayajakifunika tena. Kusi likivuma kwa nguvu, nahodha mwenye busara haondoki, hata mgeni akiongeza fedha.

Tulipofika, ndege wengi walikuwa wamepumzika mchangani. Palikuwa na membe na sululu. Baadhi ya ndege hawa hutoka nchi za baridi za kaskazini, huja kwetu miezi ya kaskazi. Kijana aliyetuongoza alituzuia tusiwakaribie. Alisema, "Ndege akiruka ruka hovyo anapoteza nguvu, na safari yake ni ndefu." Wageni walitazama kwa darubini wakafurahi.

KOMBE LINA MWENYEWE

Kisha tukaenda kutazama makombe kwenye maji mafupi. Mgeni mmoja akaokota kome kubwa, refu, la kupendeza. Ni lile ambalo watu hulipuliza kama baragumu. Akataka kulinunua. Kijana akaligeuza taratibu. Ndani alikuwamo mnyama, anajikunyata. Kijana akamweleza mgeni kwamba mnyama huyu ana kazi. Anakula kiti cha pweza chenye miiba. Kiti cha pweza cha aina hiyo hula matumbawe. Makome haya yakiokotwa yote, anapungua adui mmoja wa kiti cha pweza. Matumbawe yakifa, samaki hawana pa kujificha wala pa kuzaa. Samaki wakipungua, mvuvi analala njaa.

Mgeni akatoa noti nyingine. Kijana akalirudisha kome majini.

Na makombe matupu je? Hayo nayo yana kazi. Yupo kaa mdogo ambaye nyuma ana mwili laini, hana gamba la kumkinga. Huingia ndani ya kombe tupu akalifanya nyumba. Akikua hutafuta kombe kubwa zaidi. Ukiyabeba yote, unambomolea nyumba. Tena ndani ya hifadhi ni marufuku kuchukua kitu chochote, kiwe hai au kimekufa. Nje ya hifadhi, muulize afisa uvuvi kabla ya kuokota makombe ya kuuza.

Yako pia makombe ya hatari. Lipo moja lenye umbo la pia, ile wanayochezea watoto. Lina rangi nzuri sana. Mnyama wake ana mwiba wa sumu wa kuwindia. Baadhi ya aina zake zinaweza kumwua mtu, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Waonye watoto. Mtu akichomwa apelekwe hospitali mara moja.

Wewe unayeishi mbali na pwani usidhani habari hizi hazikuhusu. Simbi za bahari hii zilibebwa zamani mpaka Uganda zikatumika kama fedha. Hata leo Waganda huita fedha "ensimbi". Mali ya bahari haikuwa ya watu wa pwani peke yao.

MAYAI YA KASA

Kasa bado huja Maziwe kutaga, ingawa miti haipo. Kasa hufukia mchangani mayai 100 hivi, mara nyingine zaidi. Hukaa huko kiasi cha miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Lakini maji ya bamvua yakiyafunika, mayai hufa. Ndiyo maana kwa miaka mingi watunzaji waliofundishwa wamekuwa wakiyahamishia pwani ya Ushongo. Huyahamisha mapema baada ya kutagwa, bila kuyageuza. Usijaribu mwenyewe, utayaua. Kuua kasa au kuchukua mayai yake ni kosa la jinai.

Siku ya kuanguliwa, wageni huja kutazama vitoto vikikimbilia baharini. Vitoto hufuata mwanga. Ukiwasha taa nchi kavu, vinapotea. Kasa mmoja huchukua miaka 20 au zaidi mpaka aanze kutaga. Mbegu hiyo huchelewa kuliko mnazi.

ROHO ILIMUUMA

Tulipokuwa tunarudi, kijana alikaa karibu nami. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bwana shamba, roho iliniuma. Fedha ile ingemnunulia mdogo wangu sare ya shule."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi kumwambia mtu asile mbegu. Ni vigumu akiwa na njaa. Nikamwuliza, "Ninyi waongozaji mnapata nini katika malipo ya wageni?" Akasema, "Hatujui. Tunapewa tunachopewa."

Hapo nikaona tatizo. Kijana anayeona fungu lake atalilinda kome, maana kesho mgeni mwingine atalipa kuja kulitazama. Kijana asiyeona fungu lake, siku moja ataliuza. Hatakuwa mwovu. Atakuwa mhitaji. Kwa hiyo kulinda bahari kunaanzia kwenye daftari la hesabu.

SASA TUFANYE NINI?

Kama kijiji chako kina kisiwa, ziwa au msitu ambao wageni hupenda kuutazama, fuata haya:

1. Nenda kwanza kwa afisa uvuvi au ofisi ya hifadhi. Ulizeni kibali, ada na masharti.

2. Kabla boti haijaondoka, andikeni majina ya abiria wote, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Nakala moja ibaki nchi kavu. Boti ikichelewa, watu watajua wanatafuta nani.

3. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Boti isizidishe watu.

4. Nanga itupwe mchangani, au boti ifungwe kwenye boya. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huyavunja. Wala mtu asisimame juu yake.

5. Takataka zote zirudi nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwetu tangu Juni 1, 2019, lakini plastiki nyingine bado zipo. Kasa huidhani plastiki kuwa yavuyavu, akaila, akafa.

6. Kubalianeni katika mkutano fungu la nahodha, fungu la mwongozaji na fungu la kijiji. Mapato na matumizi yaandikwe kila mwezi, yabandikwe ukutani kila mtu asome.

Zamani tulisema hatuwezi kuiona hesabu kwa sababu hatujui kusoma. Leo wewe unasoma ukurasa huu. Basi isome na hesabu ya kijiji chako. Ukiona haikubandikwa, uliza kwa heshima.

Nilipotembelea tena kijiji kile, nilikuta karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa taratibu. Fungu la waongozaji lilikuwamo, mstari wa tatu. Yule kijana alinionyesha kwa kidole.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chako, ni kitu gani tunakichukua kidogo kidogo kama mivinje ya Maziwe?

2. Mwenye shida ya fedha leo tumsaidieje ili asiuze mbegu ya kesho?

3. Hesabu ya kijiji chako imebandikwa wapi? Umeisoma lini?