Mazingira ya Ujifunzaji, Mikabala ya Kusoma na Afya ya Akili ya Wanafunzi wa Udaktari

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya mazingira ya ujifunzaji, mikabala ya kusoma na afya ya akili ya wanafunzi wa udaktari. Hoja kuu ni kuwa namna mwanafunzi anavyosoma ni jibu lake kwa mazingira anayosomea.

Mwaka 1976, Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Uswidi, walibainisha mikabala miwili. Katika mkabala wa kina, msomaji hutafuta maana ya matini nzima. Katika mkabala wa juujuu, hukariri vipande anavyotarajia kuulizwa. Walionesha pia kuwa aina ya maswali huathiri namna ya kusoma. Mathalani, mwanafunzi anayetahiniwa majina ya jozi 12 za neva za fuvu atakariri orodha. Akioneshwa mgonjwa aliyepooza upande mmoja wa uso na kuulizwa kwa nini paji lake bado linakunjika, hana budi kuielewa njia ya neva ya saba tangu ubongoni.

Mazingira yenyewe hupimwa kwa hojaji. Inayotumika sana ni DREEM, iliyoundwa Dundee, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1997. Ina vipengele 50 na alama 200, nayo huuliza kuhusu ufundishaji, walimu, uwezo wa kitaaluma, hali ya chuo na maisha ya kijamii.

Kuhusu afya ya akili, uchambuzi wa tafiti 195 kutoka nchi 47, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Miongoni mwa waliobainika kuwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba.

Takwimu hizi zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kwanza, hojaji hubaini dalili, haithibitishi ugonjwa. Pili, data zinazokusanywa mara moja haziwezi kuonesha kipi kilitangulia, kwani mwenye sonona huweza kuyaona vibaya hata mazingira mazuri. Tatu, hojaji ikitafsiriwa kwa Kiswahili, “sonona”, “huzuni” na “msongo wa mawazo” zisichukuliwe kuwa visawe. Kila neno huweza kuvuta jibu lake.

Hata hivyo, tahadhari hizo haziondoi wajibu wa vyuo. Ushauri nasaha unaosubiri mwanafunzi abishe hodi hauwezi kuwafikia wengi wanaouhitaji. Aidha, kumfundisha mwanafunzi kustahimili msongo huku mtihani ukiendelea kumlazimisha kukariri ni kutibu dalili na kuacha chanzo. Hivyo basi, marekebisho ya upimaji na ya mahusiano darasani na wodini yahesabiwe kuwa sehemu ya huduma ya afya ya akili.