Komba wa Mbinga na Komba wa Kono

Ukimtafuta mtu aitwaye Komba hutakosa pa kumpata. Mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, yuko Mbinga mjini, yuko Songea, yuko Lituhi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alikotoka Kapteni John Komba, mwimbaji wa kundi la TOT aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 28, 2015. Yuko pia Sierra Leone, katika wilaya ya Kono yenye machimbo ya almasi. Na kwenye misitu ya kusini mwa Kameruni jamii ya Baka inalo hilohilo Komba, ila kwao ni jina la Mungu aliyeumba dunia na vilivyomo.

Mwenye haraka ataunganisha sehemu hizi tatu kwa mstari na kusimulia uhamaji mkubwa wa kale. Ramani za majina zilizojaa mtandaoni humsaidia kupotea, kwa sababu kompyuta huhesabu herufi, haihesabu mababu. Kwa Wakono, Komba ni jina apewalo mtoto wa kiume kufuata zamu yake ya kuzaliwa kwa mama yake: kifungua mimba wa kiume ni Sahr, anayemfuata ni Tamba, na majina yanaendelea hivyo hadi zamu ya Komba ifike. Lugha yao ni ya jamii ya Kimande, mbali kabisa na lugha za Kibantu. Kibaka nacho kina ukoo wake tofauti na hizo mbili. Silabi ni zilezile na ni nyepesi kutamka, ndiyo maana zimejirudia. Komba wa Mbinga hana babu Kono.

Mfano wa Gama unachekesha zaidi. Nimewahi kusikia mtu akieleza kwa uhakika kwamba akina Gama wa Songea ni masalia ya Vasco da Gama, aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno wanalo jina hilo, na Wabrazili wameipa jina hilo hata klabu ya soka ya Rio de Janeiro. Lakini Gama wa Songea hawakuja kwa jahazi. Walikuja kwa miguu kutoka kusini, na safari yao ilichukua zaidi ya miaka 20.

Ni safari ya Wangoni. Vita vilivyolipuka kusini mwa Afrika enzi za Shaka viliwasukuma watu wengi kaskazini, na kundi moja kubwa, chini ya Zwangendaba wa ukoo wa Jere, lilivuka mto Zambezi Novemba 1835, wakati jua lilipopatwa. Zwangendaba alifia Ufipa katika miaka ya 1840, na watu wake wakagawanyika. Waliokuja upande wa Ruvuma waliwakuta Wangoni wengine, akina Maseko, wametangulia. Katika miaka ya 1860 akina Maseko walifukuzwa, wakateremka hadi Ntcheu, ambayo leo iko Malawi. Waliobaki wakaweka falme mbili: Njelu chini ya ukoo wa Gama, ambao mwanzilishi wao mwenyewe aliitwa Zulu, na Mshope chini ya ukoo wa Tawete.

Ndiyo maana jina Gama unalikuta pia Eswatini na Afrika Kusini, Jere unalikuta Mzimba na Chipata, Maseko unalikuta Ntcheu na Mbabane. Hapa mstari wa kwenye ramani ni wa kweli, na sababu yake inajulikana. Wangoni waliliita jina la ukoo chibongo, ndugu wa isibongo ya Kizulu, na walilibeba kokote walikokwenda. Njiani, huko Zimbabwe ya leo, waliwachukua Wakaranga wengi, na watu hao nao walikuja na majina yao ya ukoo: Moyo, Soko, Nyati. Moyo leo ni miongoni mwa majina yaliyozagaa zaidi Zimbabwe.

Hata hivyo, jina kuwa la Kingoni halimfanyi kila alibebaye kuwa mjukuu wa waliovuka Zambezi. Jeshi lile liliongezeka kwa kuteka. Kijana aliyetekwa Unyasa au Undendeule aliingizwa kwenye nyumba ya bwana wake, akafundishwa kupigana, na mara nyingi akachukua chibongo cha nyumba hiyo. Watu wa namna hiyo waliitwa sutu. Baada ya vizazi viwili, wajukuu wa aliyeteka na wajukuu wa aliyetekwa walikuwa na jina moja, na walikatazwa kuoana kama ndugu wa damu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza la kulielewa kuhusu majina ya Ruvuma: yanaonyesha mtu aliishia kwa nani, na si lazima yaonyeshe alizaliwa na nani.

Chukua Nyoni. Erasto Nyoni aliichezea Taifa Stars kwa miaka mingi. Sithembiso Nyoni amekuwa waziri Zimbabwe. Katika lugha za Kinguni inyoni ni ndege, kwa hiyo inavutia kusema wote ni wa shina moja la kusini. Lakini neno hili ni la Wabantu wengi tangu kale, na msomaji wa mashairi ya Kiswahili analijua: nyuni. Ukoo wenye jina la ndege ungeweza kuzuka popote kati ya Mombasa na Durban bila kuazimwa. Tahadhari hiyohiyo inamhusu Komba. Komba tunayemjua kwa Kiswahili ni mnyama mdogo wa usiku, macho makubwa, alalaye mchana kwenye pango la mti na kulia gizani kama mtoto mchanga. Huenda ndiye aliyewapa watu jina, maana koo za kusini zina majina mengi ya wanyama. Lakini kufanana kwa maneno peke yake si ushahidi wa kutosha. Angalia jina Mbele, la ukoo wa Wamatengo, watu wa milima ya Mbinga: anayelisoma kwa Kiswahili atatafuta nani aliyekuwa nyuma.

Tuwafuate basi Wamatengo wenyewe. Vita vya Wangoni vilipowaka, watu wa chini walikimbilia milimani juu ya Mbinga. Walitoka pande nyingi: wengine Unyasa, wengine Upangwa, wengine Undendeule. Hii inaeleza kwa nini jina kama Haule, ambalo ni kubwa Ludewa kwa Wapangwa, ni kubwa vilevile Ruvuma. (Joseph Haule ndilo jina halisi la Professor Jay, mwanamuziki aliyekuwa mbunge wa Mikumi.) Upande wa ziwa watu walihofu vivyo hivyo. Wamisionari wa Kianglikana waliofanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao mwaka 1885 waliandika mara kwa mara juu ya hofu ya Magwangwara, jina walilowaita Wangoni wa Songea.

Huko milimani watu walibanana, na kubanana huko kukazaa kilimo ambacho wataalamu wa Japani na wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekuja kukisoma. Ukitoka Mbinga kuelekea Litembo utaona miteremko imetobolewa mashimo ya mraba, safu kwa safu, mpaka kileleni. Hiyo ni ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake hufukia mistari hiyo kwa udongo unaochimbwa katikati, na shimo linabaki kukamata maji ya mvua yasichukue udongo. Maharage na mahindi hupandwa juu ya kuta.

Sasa tazama mteremko wenyewe badala ya mashimo. Kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, kuanzia juu kabisa hadi bondeni, Wamatengo hukiita ntambo. Kwa desturi ntambo mmoja ulikuwa wa ukoo mmoja: babu aliyeufungua, watoto wake, wajukuu wake, nyumba zao zikiwa zimezungukwa na kahawa na migomba. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwenye sengu, na hapohapo wakaamua ugomvi, ndoa na mipaka ya mashamba. Mtu aliyetaja ntambo na jina la ukoo alikuwa amemaliza kujieleza. Ndunguru wa mlima huu na Ndunguru wa mlima ule wangeweza kuwa ndugu, na wangeweza kuwa watu wasiojuana tangu babu wa babu.

Ndiyo maana hadi leo wenyewe hawaridhiki na jina peke yake. Panda basi la Mbamba Bay, kwenye ile lami ya kilomita 66 inayoteremka kutoka Mbinga hadi ziwani, na usikilize kijana akisalimiana na mzee aliyekaa naye.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe mtoto wa nani?”

“Komba, mzee.”

“Komba wa wapi?”

“Wa Lituhi.”

“Na mama?”

“Mama ni Kapinga, wa Litembo.”

“Ala! Basi mimi mjomba wako.”

Maswali matatu: ukoo, mahali, ukoo wa mama. Kati ya hayo, lililofungua undugu ni la tatu, ambalo halimo kwenye kitambulisho cha kijana. Kompyuta ya ramani za majina hailiulizi kabisa.

Kitu kilichoyagandisha majina haya ni karatasi. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwa na jina la utotoni, jina la ukubwani na jina la sifa, na ukoo ukatajwa penye haja tu. Kisha walikuja Wabenediktini kutoka Ujerumani. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Litembo ikafuata. Kitabu cha ubatizo kilitaka jina la mtakatifu, jina la baba na jina la mama, na padri akaandika alivyosikia kwa sikio la Kijerumani. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka majina ya walipa kodi. Baadaye kahawa ikataka majina ya wakulima, maana chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanza mwaka 1936, hakingeweza kumlipa mtu asiye kwenye daftari.

Matokeo yake ni mtindo wa majina unaoutambua papo hapo: mtakatifu adimu mbele, ukoo wa mlimani nyuma. Egino Ndunguru, aliyeandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wamatengo mwaka 1972. Sixtus Mapunda na Gaudence Kayombo, wote waliowahi kuwa wabunge Mbinga. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukikuta Egino au Sixtus pwani, uliza kama wazazi wake hawakutoka Ruvuma. Mara nyingi utapatia.

Jambo jingine linalowatofautisha watu wa huku ni kwamba jina la mwisho halibadiliki. Sehemu nyingi za Tanzania jina la tatu ni la babu, kwa hiyo kila kizazi kinadondosha moja na kupokea jingine, na mwenye kutafuta nasaba anapoteza njia upesi. Fomu ya kitambulisho cha Taifa inataka majina matatu na haiulizi la tatu ni la babu au la ukoo. Mpwani hujaza la babu, Mmatengo hujaza Kapinga ileile aliyojaza babu wa babu yake. Hiyo ndiyo faida ya jina la ukoo kwa mtafiti, na ndiyo hatari yake pia, kwa kuwa kudumu kwa jina humfanya mtu aamini kwamba damu nayo imedumu.

Kusambaa kwa majina haya ndani ya nchi ni habari ya kazi. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya SILABU iliyoajiri vibarua wa mkonge iliwachukua manamba kwa maelfu, na eneo la Songea, ambalo wakati huo lilikuwa pamoja na Mbinga, lilikuwa chemchemi yao mojawapo kubwa. Wengine walitumikia mkataba wao Tanga, wakaoa huko, wakabaki. Usishangae kukutana na Haule Korogwe au Komba Muheza ambaye hajawahi kuliona Ziwa Nyasa. Wengine wa kusini mwa Tanganyika walichukuliwa na WENELA, shirika la kuajiri vibarua, kwenda migodi ya Afrika Kusini hadi uhuru ulipokaribia. Baadhi yao walikuwa wanarudi, bila kujua, kule majina yao yalikotoka.

Nje ya Afrika njia imekuwa elimu zaidi. Joseph Mbele, Mmatengo aliyechapisha hadithi za Wamatengo mwaka 1999, amefundisha fasihi St. Olaf College jimboni Minnesota. Deo Ngonyani, mwandishi wa sarufi ya Chingoni, amefundisha isimu Michigan State University. Ni majina ya kusini kwenye theluji, na hapa ramani haina cha kukosea.

Berlin ni habari nyingine. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi mjini Songea. Songea Mbano, nduna (kiongozi wa kijeshi) aliyeupa mji jina lake, naye alinyongwa. Wazawa wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na familia yake na kuomba msamaha, akaahidi kwamba kichwa kitatafutwa. Miezi michache kabla yake, wataalamu wa Berlin waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki walitangaza kwamba wamewapata jamaa walio hai wa wachache kati ya marehemu hao, kaskazini mwa Tanzania. Waliwapata kwa vinasaba, kwa kulinganisha mate ya walio hai na mfupa wa marehemu. Fuvu la Songea likionekana, jina Mbano litawaita watu kwenye kipimo. Kipimo chenyewe kitataka mate ya walio wa uzao wake, na katika ukoo uliokuwa ukipokea wageni na kuwapa chibongo, wazee watalazimika kwanza kukaa chini na kutaja nani alizaliwa na nani, mama kwa mama.