Kidonda cha Utosini: Saratani ya Ngozi ya Kichwa na Matibabu Yake

Utangulizi

Kesses iko karibu na Ikweta, nayo imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huku humsahaulisha mtu jua. Hata hivyo, kadiri mahali panavyoinuka ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi makali, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Wanaodhurika zaidi ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini haba au haina kabisa. Makala haya yanaeleza saratani inayoota utosini, tiba yake, na jinsi pengo linavyozibwa baada ya upasuaji.

Jina na Tabia ya Ugonjwa

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kaa. Jina hili linausadifu ugonjwa: kama kaa atandazavyo miguu, uvimbe huu hupenya kando na chini kuliko jicho linavyoona. Huanza kama gamba kavu au kidonda kidogo kinachotoa damu, kikafunga, kisha kikafunguka tena. Kidonda kisichopona kwa majuma manne si cha kupakwa dawa za dukani. Chahitaji kuonwa na daktari, naye akate kinyama kidogo kikapimwe maabarani.

Upasuaji

Saratani ikithibitika, tiba kuu ni kuikata yote pamoja na ukingo wa ngozi nzima inayoizunguka. Kipande kilichokatwa hupimwa ili kuhakikisha kwamba kingo zake hazina ugonjwa. Ikiwa imefika mfupani au kwenye tezi za shingo, upasuaji huwa mkubwa zaidi, na huenda tiba ya mionzi ikahitajika.

Kuliziba Pengo

Ngozi ya kichwa haivutiki kwa urahisi, maana chini yake pana utando mgumu. Kwa hiyo, kwa kawaida ni pengo lisilozidi takriban sentimita 3 tu linaloweza kushonwa moja kwa moja. Likizidi hapo, ngozi ya jirani huinuliwa na kuzungushwa juu ya pengo, ilhali ingali imeshikana na mishipa yake ya damu. Njia nyingine ni kupandikiza ngozi nyembamba iliyotolewa pajani. Wakulima wa Uasin Gishu wanalifahamu vyema neno kupandikiza: mche hushika udongoni, haushiki juu ya mwamba. Ngozi nayo hushika iwapo utando wenye damu unaofunika mfupa umesalia. Mfupa ukiwa mtupu, daktari huweza kuuchimba kidogo hadi nyama changa iote kwanza, au akahamisha nyama na ngozi ya mgongoni na kuiunganisha na mishipa ya kichwani au shingoni kwa msaada wa hadubini. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na hospitali ziiwezazo ni chache.

Hitimisho

Ni dhahiri, basi, kwamba anayewahi hushonwa, na anayechelewa huhitaji kuhamishiwa nyama. Kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara ni kinga tosha kwa wengi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Anayeitwa zeruzeru hujificha machoni pa watu, na anayejificha huchelewa kufika zahanati. Aidha, mgonjwa aliyeelezwa tiba kwa lugha anayoielewa ndiye awezaye kuukubali upasuaji mapema, kidonda kingali kidogo.