Hakuna Anayetoka kwa Kombe Moja

"Kocha, mwanangu akishinda shindano moja kubwa huko nje, si atakuwa ametoka?" Nimeulizwa hivyo Tabata, nimeulizwa Kinyerezi, na wiki hii nimeulizwa tena Segerea Mwisho, nikiwa na mguu mmoja kwenye daladala. Muulizaji huwa na ushahidi wake tayari: "Yule binti wa Kenya si alishinda Wimbledon?" Alishinda, mama. Tatizo ni kwamba habari yake inasimuliwa nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watoto.

Angella Okutoyi alizaliwa Januari 2004. Alilelewa na bibi yake, mfanyakazi wa Shule ya Msingi Loresho, Nairobi, shule iliyokuwa na uwanja wa tenisi. Alishika raketi akiwa na miaka minne, akapitia vituo vya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, kule Bujumbura na baadaye Casablanca. Julai 2022, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon kwa seti 3-6, 6-4, 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla yake, la wakubwa wala la vijana.

Sasa tufanye hesabu ambayo watu hawapendi kuifanya. Wimbledon ya vijana haina zawadi ya fedha, hata senti. Pointi zake zinahesabika kwenye orodha ya vijana tu, na kwenye orodha ya WTA, ile ya wanawake wakubwa, ushindi ule haukumpandisha hata nafasi moja. Vijana wenye viwango vya juu hutengewa nafasi chache katika mashindano madogo ya wakubwa. Hiyo ni ruhusa ya kuingia. Nauli ni juu yako.

Na huko unakoingia kukoje? Ngazi ya chini kabisa ya wanawake inaitwa W15. Fungu lote la zawadi kwa wiki nzima ni dola 15,000, na linagawanywa kwa wote, wanaocheza mmoja mmoja na wanaocheza wawili wawili. Anayetolewa mchezo wa kwanza haondoki hata na dola 200. Kwenye hizo atoe tiketi ya ndege, malazi, chakula, kufunga nyuzi za raketi, na kocha kama anaye. Wiki inayofuata yuko nchi nyingine, anaanza upya. Halafu pointi zenyewe zinaoza kama nyanya za Buguruni: ulizopata wiki hii zinafutwa baada ya wiki 52, na usipopata nyingine za kuziba pengo, unashuka.

Bado kuna anayebisha? Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika kule Accra, Okutoyi alimtoa Mayar Sherif wa Misri, kisha akachukua dhahabu. Dhahabu ile ingempeleka Olimpiki ya Paris kama angekuwa ndani ya nafasi 400 za juu duniani. Hakuwamo, hakwenda. Bingwa wa Afrika alibaki nje kwa sababu ya orodha, na orodha haisomi magazeti.

Upande wa pili wa fainali ile ya 2022 walisimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alikuwa na miaka 15, na alishindwa. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa bado nje ya nafasi 300. Akashinda mashindano madogo moja baada ya jingine, na Agosti mwaka huohuo akamfunga Naomi Osaka kwenye fainali ya Montreal, shindano la daraja la juu la WTA. Aliyeshindwa Wimbledon ya vijana ndiye aliyefika huko kwanza. Sisemi ana kipaji kuliko Okutoyi. Nasema Kanada ina kituo cha taifa cha mazoezi palepale Montreal, na ina shindano lake kubwa. Mboko aliingia kwa nafasi ya upendeleo ambayo waandaaji humpa wanayemtaka. Nafasi kama hiyo, kwetu nani angeitoa?

Najua imani hii inatoka wapi. Inatoka kwenye mpira. Mbwana Samatta wa Mbagala aliifungia Simba dhidi ya TP Mazembe mwaka 2011, Mazembe wakamnunua, kisha Genk, kisha Aston Villa. Mechi moja kweli ilimfungulia njia, kwa sababu kulikuwa na klabu ya kumnunua, kumlisha na kumlipa mshahara hata akiumia. Mcheza tenisi hanunuliwi na mtu. Akiumia goti, mapato yamesimama siku hiyohiyo. Kwa hiyo, mzazi, acha kuniuliza akishinda atapata nini. Niulize wiki 30 za mwaka atacheza wapi na nani analipa.

Mwenye nia afanye haya. Chini ya miaka kumi, mipira laini: myekundu, ya chungwa, kisha ya kijani. Kanuni za ITF haziruhusu mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya umri huo tangu 2012. Ukuta imara na chaki vinatosha kwa mazoezi ya katikati ya wiki, klabu ya Gymkhana aje wikiendi. Kabla ya miaka 13 haruhusiwi kwenye mashindano ya vijana ya ITF, basi acheni kulia kwamba mwenye miaka tisa amechelewa. Akifika 13 mkatieni namba ya usajili ya ITF na pasipoti, aanze na mashindano ya ngazi ya chini ya vijana, J30, ya Nairobi. Basi lipo Mbezi Luis, hahitaji ndege. Na msimtoe shule! Okutoyi mwenyewe mwaka 2023 alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwa ufadhili wa tenisi. Huko chuo ndicho kinacholipa kocha, daktari na safari, lakini bila vyeti vya sekondari hawakupokei. Raketi ya laki sita uliyomnunulia mtoto wa miaka saba irudishe dukani kama bado wanaipokea. Ni ndefu mno, itamharibia bega.