Mgodi Ukinyamaza, Nani Atasema?

Wananchi wa Nyahanga, mjini Kahama, wanaijua dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, umekwisha kufungwa. Je, mitambo ikinyamaza, ni nani atakayewaeleza watoto ardhi ilikuwaje, na ni nani waliotoa jasho?

Swali hilo alilishughulikia Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi, nchini Kongo, mwaka 1978. Angali kijana, kufikia mwaka 2006, alikamilisha picha alizoziita “Mémoire”, maana yake Kumbukumbu. Alitwaa picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga, wakati wa ukoloni, akaziunganisha kwa kompyuta na picha mpya za viwanda vilivyochakaa. Waliosahauliwa wakasimama tena mbele ya kazi yao. Atazamaye huona mara moja kwamba mashine ilizaa mali, mali ikaondoka, na vumbi likabaki kwa wenyeji.

Basi, ndugu zetu wa Kahama, picha ya baba akiwa na kofia ya mgodini, iliyomo sandukuni, msiitupe. Huo ni ushahidi. Dhahabu ikiuzwa hupata bei. Kumbukumbu ikipotea hainunuliki.