Tour du Rwanda

Tour du Rwanda ni mashindano ya baiskeli za barabarani yanayofanyika kila mwaka nchini Rwanda. Hukimbiwa kwa hatua, kwa kawaida moja kila siku. Muda wa mwendeshaji katika hatua zote hujumlishwa, na mwenye muda mfupi zaidi ndiye mshindi wa jumla. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda mashindano bila kuongoza hatua hata moja.

Yalianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza alikuwa Mnyarwanda, Célestin Ndengeyingoma. Mwaka 2009 yaliingizwa katika kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI), katika daraja la 2.2. Wageni walitawala mwanzoni: Adil Jelloul wa Moroko mwaka 2009, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea mwaka 2010.

Mwaka 2014 Valens Ndayisenga aliwashinda. Ikafuata miaka minne ya wenyeji mfululizo: Ndayisenga tena mwaka 2016, Jean Bosco Nsengimana (2015), Joseph Areruya (2017) na Samuel Mugisha (2018).

Mwaka 2019 mashindano yalipandishwa hadi daraja la 2.1, na timu kubwa za kulipwa zikaanza kuja. Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake: kuanzia mwaka huo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyetwaa ushindi wa jumla. Waeritrea ndio waliozoea milima hiyo vizuri zaidi. Natnael Tesfazion alishinda mwaka 2020 na 2022.