Ardhi Iliyoganda ya Siberia

Urusi ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo milioni 17.1, yaani mara 18 ya eneo la Tanzania. Hata hivyo, takriban watu watatu katika kila wanne huishi magharibi ya milima ya Ural, katika robo tu ya nchi. Upande wa mashariki ni Siberia, na uchache wa watu wake aghalabu huelezwa kwa neno moja: baridi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Dhidi ya hewa baridi binadamu hujikinga kwa manyoya na moto. Jambo gumu zaidi limo chini ya miguu yake.

Karibu theluthi mbili ya ardhi ya Urusi ina pemafrosti, yaani ardhi ambayo joto lake halizidi sifuri ya sentigredi kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Udongo, changarawe na maji yaliyomo hushikamana vikawa kitu kimoja, kigumu mithili ya zege. Mahali pengine kaskazini ya Siberia mgando huo hushuka karibu meta 1,500. Juu yake lipo tabaka jembamba linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena majira ya baridi. Humo ndimo mimea hupata kuotesha mizizi.

Mwaka 1828 Fyodor Shergin, mtumishi wa kampuni ya biashara mjini Yakutsk, kando ya mto Lena, alianza kuchimbisha kisima. Kufikia mwaka 1837 kisima kilikuwa na kina cha meta 116, na bado wachimbaji waligonga udongo ulioganda. Maji hayakupatikana, ilipatikana elimu. Katika miaka ya 1840 mtaalamu Alexander von Middendorff alipima joto la ardhi humo, kina baada ya kina, na wataalamu wa Ulaya waliokuwa na shaka wakapata ushahidi wa vipimo.

Leo Yakutsk ina wakazi zaidi ya 300,000. Wastani wa joto la Januari hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Ule wa Julai ni karibu nyuzi 20 juu yake. Nyumba yenye moto ndani, ikijengwa juu ya ardhi moja kwa moja, huyeyusha msingi wake yenyewe: upande mmoja hutitia, kuta zikapasuka. Kwa hiyo majengo makubwa husimamishwa juu ya nguzo za zege zilizozamishwa katika mgando, na chini ya sakafu huachwa uwazi. Mgeni angeweza kudhani yameinuliwa kwa kuogopa mafuriko, kama madungu ya mashamba ya mpunga. La, yameinuliwa ili upepo wa baridi upite na kuondoa joto la nyumba. Mabomba ya maji moto nayo hupitishwa juu ya ardhi, yakivuka barabara kama matao.

Basi katika nchi hii baridi ndiyo msingi wa nyumba. Ndiyo barabara pia, kwani majira ya baridi magari huvuka mto Lena juu ya barafu.

Wasakha, wenyeji wa jimbo hilo, wazee wao walitoka kusini wakiwa na farasi na ng'ombe, mifugo ambayo mtu asingeitazamia huko. Malisho waliyapata katika mabonde ya nyasi yaitwayo alaas. Mabonde hayo yalitokea pale barafu ya ardhini ilipoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita na ardhi ikabonyea. Hapo kuyeyuka kulileta riziki, lakini kulikwenda polepole mno.

Kuyeyuka kwa sasa kuna mwendo mwingine.  Ni tarehe 20 Juni 2020 ambapo mji wa Verkhoyansk, maarufu kwa baridi kali, ulipimwa nyuzi 38 juu ya sifuri. Katika wilaya ya Churapcha mashamba yaliyokuwa tambarare yamejaa vichuguu na mashimo. Mwezi Mei 2020, huko Norilsk, tangi lilipasuka na tani zipatazo 21,000 za dizeli zikamwagika. Wenye tangi walisema nguzo zake zilititia kwa kuyeyuka kwa ardhi. Wakaguzi wa serikali walitaja pia kasoro za ujenzi na usimamizi. Maelezo hayo mawili hayapingani: jengo bovu husimama muda mrefu ikiwa ardhi ni imara.

Wahandisi hujaribu kuusaidia mgando. Husimika ardhini mabomba yenye kiowevu ambacho, kikipata joto la udongo, hugeuka mvuke, hupanda, hupoa kwa hewa ya nje na kushuka tena. Chombo hicho hakihitaji injini wala umeme. Lakini hufanya kazi wakati tu hewa ni baridi kuliko udongo, na majira ya baridi yakifupika, muda wake wa kazi hupungua.